UZI: Kabla ya kutuma askari vitani, hesabuni kwanza gharama ya kumtunza akirudi (vita vya Marekani na haki za maveterani)

#1 Mlinda Hoja (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila Marekani inapotishia kumpiga mtu, humu jukwaani tunaishia kubishana kama ina ubavu wa kushinda. Ubavu inao. Mimi naomba tuzungumzie bili: nani anailipa, kwa miaka mingapi, na kwa nini haiwekwi mezani siku ya kupiga kura.

Chukueni kisa cha Irene Triplett wa North Carolina. Alifariki mwaka 2020, na hadi anafariki Idara ya Maveterani, yaani VA, ilikuwa inamlipa dola 73.13 kila mwezi. Sababu ni baba yake, aliyepigana Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Vita hivyo viliisha 1865! Mzee alioa mke mdogo uzeeni, binti akazaliwa na matatizo ya akili, na sheria ikaruhusu pensheni imfuate mtoto asiyeweza kujitegemea. Serikali ililipia vita hivyo kwa miaka 155 baada ya risasi kunyamaza.

Sasa njooni kwenye vita vya baada ya Septemba 11. Mwaka 2021 Linda Bilmes wa Harvard alikadiria kwamba matibabu na fidia za maveterani wa vita hivyo zitafika kati ya dola trilioni 2.2 na 2.5 ifikapo 2050. Sehemu kubwa ya fedha hizo bado haijalipwa, maana mwili wa askari humdai zaidi akifika miaka 50 na 60. Na hakukuwa na akiba iliyotengwa: mwaka 2001 na 2003 kodi zilipunguzwa huku vita vikiendeshwa kwa mkopo.

Bili nyingine haina sarafu. Mwaka huohuo wa 2021, mradi wa Chuo Kikuu cha Brown unaofuatilia gharama za vita ulikadiria kwamba wanajeshi na maveterani wa vita hivyo waliojiua ni 30,177, na waliouawa katika operesheni zenyewe ni 7,057. Zaidi ya mara nne.

Msimamo wangu ni kwamba kumtunza veterani kunaanza kabla hajavaa buti, kwa kutompeleka kwenye vita visivyo na lazima. Bunge lisipitishe idhini ya vita bila mambo manne: jina la adui, jina la nchi, tarehe ya kukoma, na makadirio ya miaka 40 ya matunzo pamoja na mfuko wa kuyalipia.

Uzi huu unatuhusu. Vijana wetu wenye green card wanajiunga na jeshi lile. Kulikuwa pia na mpango wa MAVNI uliochukua hata wasio na green card kwa sababu ya lugha zao, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha, hadi uliposimamishwa 2016. Nawaita wanaojua sheria na wanaojua makaratasi.

#2 Chonjo255

Mkuu, Katiba yao si inasema Bunge ndilo linatangaza vita? Rais anapata wapi mwanya wa kupiga kwanza halafu ndio atoe taarifa?

#3 Kisimani

Chonjo, umeuliza palepale penye tundu.

Ibara ya Kwanza ya Katiba inalipatia Bunge mamlaka ya kutangaza vita, na ya Pili inamfanya Rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu. Mara ya mwisho Bunge kutangaza vita rasmi ilikuwa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungary na Romania. Korea, Vietnam, Iraq, Afghanistan: hakuna hata kimoja kilichotangazwa.

Baada ya Vietnam, Bunge likapitisha Azimio la Mamlaka ya Vita, Novemba 1973, likiruka kura ya turufu ya Nixon. Rais akiingiza majeshi kwenye mapigano atoe taarifa ndani ya saa 48. Kuanzia hapo ana siku 60, na 30 za nyongeza kwa ajili ya kuwaondoa askari salama. Bunge lisipoidhinisha, anatoka.

Kwenye karatasi limekaa vizuri. Linapofia ni hapa.

Kwanza, saa ya siku 60 inaanza kuhesabika kwa taarifa inayotolewa chini ya kifungu kimoja mahsusi, 4(a)(1). Marais wote wanakikwepa. Wanaandika kwamba taarifa yao "inaendana na" azimio, hawaandiki kwamba inatolewa "kwa mujibu wa" kifungu hicho. Katika historia yote ni taarifa moja tu iliyokitaja, ya Rais Gerald Ford kuhusu Mayaguez, meli ya Marekani iliyotekwa na Cambodia mwaka 1975, na operesheni ya kuikomboa ilikuwa imeshakwisha.

Pili, azimio halikueleza "mapigano" ni nini. Libya 2011 mabomu yalianza Machi 19, siku 60 zikatimia Mei, operesheni ikaenda hadi Oktoba. Serikali ya Obama ilijitetea kwamba hakuna askari wa miguu wala majibizano endelevu ya risasi, kwa hiyo hayo si mapigano yanayotajwa na sheria. Aliyeangukiwa na bomu angeishangaa tafsiri hiyo.

Tatu, awali Bunge lingeweza kumwamuru Rais atoke kwa azimio lisilohitaji saini yake. Mwaka 1983 Mahakama Kuu, katika kesi ya Chadha, ilifuta utaratibu wa namna hiyo. Tangu hapo azimio lazima lipite mikononi mwa Rais, naye analipiga turufu. Yemen 2019 ndivyo ilivyokuwa: mabaraza yote mawili yalipitisha azimio la kuacha kusaidia vita vile, Trump akakataa, Seneti ikapata kura 53 kwa 45 ilipojaribu kumpiku. Inahitajika theluthi mbili. Maana yake Rais anayetaka vita anahitaji theluthi moja na ushee tu ya baraza moja.

Nne, idhini ya 2001 ya kutumia majeshi baada ya Septemba 11. Kiini chake ni maneno 60 tu, ilisainiwa Septemba 18, 2001, na aliyeikataa katika Baraza la Wawakilishi ni Barbara Lee peke yake, 420 kwa 1. Haina nchi wala tarehe ya mwisho. Mwaka 2016 serikali ilitamka kwamba Al-Shabaab inaingia humo kama mshirika wa Al-Qaeda, ilhali kundi hilo halikuwepo siku ya Septemba 11. Aprili 2023 lilipoletwa azimio la kuwatoa askari Somalia, lilianguka kwa kura 321 dhidi ya 102.

Kinachofanya kazi kweli ni mkoba. Juni 1973 Bunge lilikata fedha za mapigano Indochina kuanzia Agosti 15, na mabomu ya Cambodia yakakoma siku hiyo. Baada ya Mogadishu, Oktoba 1993, walipouawa Wamarekani 18, Bunge liliandika kwenye sheria ya matumizi kwamba hakuna dola kwa operesheni ile baada ya Machi 31, 1994. Wakatoka. Kwa hiyo mkuu Mlinda Hoja, mambo yako manne yaweke kwenye sheria ya fedha. Ukiyaweka kwenye azimio lingine la 1973, mawakili wa Ikulu watapata njia ya kuyakwepa.

#4 Mwalimu wa Ziwa

Nakubaliana na sheria, sikubaliani na roho ya uzi. Mnaisifu Mogadishu kama mfano wa Bunge kufanya kazi. Miezi sita baadaye ikawa Rwanda. Wakubwa walikuwa bado wanaiogopa Mogadishu, na Aprili 21, 1994 Baraza la Usalama likapunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa hadi watu wapatao 270, mauaji yakiendelea. Sisi wa Maziwa Makuu tunaijua bei ya taifa kubwa kujizuia. Msituuzie kujizuia kama fadhila tupu.

#5 Mlinda Hoja

Mwalimu, hoja yako ni nzito na haipitwi kwa juujuu.

Ila tuangalie Rwanda ilihitaji nini. Jenerali Dallaire, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, aliomba kikosi chake kiongezewe watu na vifaa. Hakuomba Marekani ivamie. Magari ya deraya 50 ambayo Marekani ilikubali kuyatoa yalikwama wiki kadhaa katika mabishano ya kukodisha na gharama za usafiri, yakafika Entebbe wakati watu wameshaisha. Kule ni kunyima msaada kikosi ambacho tayari kipo na kina idhini. Kujizuia ninakokusema mimi ni kutoanzisha vita vyako mwenyewe bila lazima, bila idhini na bila mwisho.

Na tazama walivyofika pale. Waliingia Somalia Desemba 1992 kulinda chakula, kazi ikageuka kumsaka mbabe wa vita Aidid, Bunge halikuulizwa kwa uzito kama linataka kazi hiyo mpya. Umma ulipoona maiti inaburutwa, ukachukia kila kitu chenye jina Afrika. Laiti kazi ingebaki ile ya mwanzo, huenda mwaka 1994 kungekuwa na ujasiri wa kutuma yale magari mapema. Nchi inayotapanya damu ya askari wake kwenye vita vya hiari hukosa moyo siku ya dharura ya kweli.

#6 Kisimani

Niongeze la Beirut. Oktoba 23, 1983 lori la mabomu liliua wanajeshi 241 wa Marekani. Novemba 1984 Waziri wa Ulinzi, Caspar Weinberger, akatoa masharti sita ya kutuma majeshi: maslahi ya msingi yaguswe, nia ya kushinda iwepo, malengo yawe wazi, ukubwa wa kikosi upimwe upya kila mara, umma na Bunge waunge mkono, na vita viwe njia ya mwisho. Masharti mazuri kabisa. Lakini hata yeye hakuandika la saba: nani atamtibu atakayerudi bila mguu mwaka 2020.

#7 Nasra wa Makaratasi

Basi tuingie huko kwa aliyerudi, maana ndiko watu wanakopotea.

Mnaoondoka jeshini, kitu cha kwanza ni tarehe. Ukibakiza siku kati ya 180 na 90 za utumishi, unaweza kufungua dai la ulemavu ukiwa bado na sare, kwa mpango wa BDD. Ukishavuka hapo, fungua dai kabla mwaka mmoja haujaisha tangu utoke: likikubaliwa, malipo yanahesabiwa kuanzia siku iliyofuata kutoka kwako. Ukichelewa, yanahesabiwa tangu ulipofungua. Kama huna vielelezo bado, tuma Fomu 21-0966, kusudio la kudai. Inakushikia tarehe mwaka mzima wakati unakusanya. Watu wanadharau karatasi hii ya dakika kumi na wanapoteza malimbikizo ya miezi.

Dai lenyewe ni Fomu 21-526EZ. Kila ugonjwa unaoudai unahitaji nguzo tatu: uchunguzi wa daktari wa sasa unaotaja ugonjwa, tukio au mazingira ya jeshini, na maoni ya kitabibu yanayoviunganisha. Kipimo cha maoni hayo ni "uwezekano angalau nusu kwa nusu". Daktari akiandika "huenda inahusiana", dai linaanguka. Aandike kiwango hicho, na aeleze kwa nini.

Nguzo inayokosekana zaidi ni ya pili. Askari wetu hawaendi zahanati ya kambini, wanaogopa kuitwa wavivu, wanameza ibuprofen na kukimbia. Miaka kumi baadaye goti limekufa na faili ni tupu. Ikikutokea, tafuta mlioruka naye au mliopanda naye gari, aandike ushahidi kwenye Fomu 21-10210: aliona nini, wapi, mwezi gani, na baada ya hapo ulikuwa unatembeaje. "Namfahamu ni mtu mwema" haisaidii.

Cheti cha kutoka, DD-214, hifadhi nakala inayoitwa Member 4, ndiyo inayoonyesha aina ya kuachishwa. Kabla ya kusaini soma kila kisanduku, hasa nchi ulizotumikia. Nchi ikikosekana hapo, utakuja kuililia kwenye dai la moshi. Na kumbukeni Julai 1973 moto uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18 huko St. Louis. Nakala yako ndiyo usalama wako.

#8 Chonjo255

Dada Nasra, dai la moshi ndio lipi hilo?

#9 Nasra wa Makaratasi

Ni la mashimo ya kuchomea taka. Kambini walikuwa wanachoma plastiki, betri, rangi, taka za hospitali, kila kitu, kwa mafuta ya ndege, na watu wamelala jirani. Sheria ya PACT ya Agosti 10, 2022 inasema ukiwa na ugonjwa ulio kwenye orodha na ulitumikia mahali palipotajwa, huhitaji kuthibitisha chanzo. Orodha ina pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi, mkamba sugu, sinusitisi sugu, makovu ya mapafu, saratani za njia ya hewa, figo, kongosho, ubongo na nyingine.

Mahali: Iraq, Kuwait, Saudia, Oman, Qatar, Bahrain, Falme za Kiarabu na Somalia kuanzia Agosti 2, 1990. Afghanistan, Djibouti, Misri, Jordan, Lebanon, Syria, Uzbekistan na Yemen kuanzia Septemba 11, 2001.

Someni tena muone ipi haipo. Kenya haipo. Manda Bay, Lamu, ambako Januari 5, 2020 Al-Shabaab waliua mwanajeshi mmoja wa Marekani na wakandarasi wawili, haimo. Aliyekaa Djibouti ana dhana ya sheria upande wake, aliyekaa Lamu anathibitisha mwenyewe. Akiwa na rekodi ya kukaa karibu na moshi au kemikali, aombe dai lake lishughulikiwe kama "shughuli yenye hatari ya sumu". PACT inailazimisha VA impatie uchunguzi na maoni ya daktari. Na kwa matibabu, tangu Machi 2024 mlango uko wazi kwa maveterani wote walioathiriwa na sumu kazini, ndani au nje ya nchi.

Hapa ndipo sehemu mbili za uzi zinapokutana. Vita vinapopelekwa kimyakimya nchi ambayo Bunge halikuitaja, veterani wa nchi hiyo naye hatajwi kwenye sheria ya matibabu.

#10 Tabibu Mtaa

Hapo umepiga msumari. Mimi nizungumzie chumba cha uchunguzi, ule mtihani wa C&P, yaani uchunguzi wa VA wa kupima ulemavu unaodaiwa.

Anayekupima hakutibu. Anajaza fomu yenye visanduku, na mwingine asiyekuwepo chumbani atasoma visanduku ndipo aamue asilimia ya ulemavu, inayopanga malipo yako. Goti linapimwa kwa kipimapembe: likikunjwa linaishia nyuzi 45 ni asilimia 10, nyuzi 30 ni 20, nyuzi 15 ni 30. Acha kukunja pale maumivu yanapoanza na useme yameanza hapo. Askari anajikaza, anaukunja mguu hadi mwisho huku amekunja uso, na fomu inaandika "anakunja kikamilifu". Eleza pia siku mbaya: mara ngapi kwa mwezi, zinadumu saa ngapi, unashindwa kufanya nini.

Kwetu kuna tatizo lake. Ukiulizwa "habari yako" unajibu "nzuri, namshukuru Mungu" hata ukiwa umebebwa. Daktari wa kule anaandika kwamba mgonjwa amesema yuko vizuri. Shukuru Mungu, kisha taja usichoweza kukifanya.

Maumivu ya kichwa baada ya mlipuko weka daftari: tarehe, saa ilipoanza, kama ulilazimika kulala gizani, kama ulikosa kazi. Shambulio la kukulaza, wastani mara moja kwa mwezi, ni asilimia 30. Yakiwa ya mara kwa mara mno, marefu, na yanakuharibia kipato, ni 50, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Bila daftari ni neno lako tupu. Januari 2020 Iran ilipiga makombora kambi ya Al Asad, Iraq. Siku ya kwanza walisema hakuna aliyeumia. Baadaye zaidi ya wanajeshi 100 wakakutwa na majeraha ya ubongo. Mlipuko hauhitaji kutoa damu.

Na kwa anayewaza kujiua, au ndugu yake anayeona dalili: Marekani ni 988 kisha bonyeza 1, usiku au mchana. Aliye nje atumie mazungumzo ya mtandaoni ya huduma hiyohiyo. Tangu Januari 2023 veterani aliye kwenye hatari hiyo anatibiwa dharura bure hospitali yoyote, siku 30 za kulazwa na 90 za kliniki, hata kama hajawahi kujiandikisha VA. Familia nyingi zinamficha mgonjwa zikihofia bili. Msihofie.

#11 Kibubu

Mbona mtu ana 50, 30 na 20 jumla 100 lakini barua inasema 70? Wanaiba?

#12 Nasra wa Makaratasi

Hawaibi, hesabu yao ndivyo ilivyo. Wanaanza na mtu mzima mwenye 100. Ulemavu wa 50 unamwachia 50. Ule wa 30 unachukua asilimia 30 ya iliyobaki, yaani 15, umefika 65. Ule wa 20 unachukua asilimia 20 ya 35, yaani 7, umefika 72. Inakaribishwa kwenye kumi iliyo karibu: 70.

Sasa ongeza mlio wa masikio, ambao una asilimia 10 tu. Asilimia 10 ya 28 ni 2.8, umefika 74.8, inahesabiwa 75, na 75 inapandishwa kuwa 80. Kwa viwango vya 2025, mtu asiye na mke wala mtoto alikuwa anatoka dola 1,759.19 hadi 2,044.89 kwa mwezi. Kwa hiyo usidharau kadogo. Na kama magoti yote mawili au mikono yote miwili imeguswa, kuna nyongeza ya viungo pacha, hakikisha wameiweka.

Kuanzia asilimia 30 unaongezewa kwa mke na watoto, Fomu 21-686c. Ndoa iliyofungwa Tanga au Kisumu inakubalika ikiwa ni halali kwa sheria ya mahali mlipokuwa mnaishi mlipooana. Kinachokwamisha ni majina. Cheti cha ndoa kinasema Mwanahamisi, pasipoti Mwanaamis. Andaeni hati ya kiapo mapema.

#13 Kibubu

Asante dada. Kuna kampuni zinapiga simu zinasema zinapandisha asilimia haraka. Vipi hizo?

#14 Nasra wa Makaratasi

Kimbia. Sheria hairuhusu mtu kukutoza hata senti kwa kuandaa dai la kwanza. Wanafanya hivyo kwa sababu mwaka 2006 Bunge liliondoa adhabu ya jinai, sheria ikabaki bila meno. Mtindo wao ni kudai mara tano ya nyongeza ya mwezi. Kwa viwango vya 2025, ukitoka asilimia 10 hadi 70 nyongeza ilikuwa dola 1,583.68, mara tano ni 7,918.40. Kazi hiyohiyo wanaifanya bure maofisa walioidhinishwa wa vyama vya maveterani kama DAV, American Legion na VFW, au wa ofisi ya kaunti. Unawateua kwa Fomu 21-22. Mwulize anayekupigia kama ameidhinishwa na VA, kisha thibitisha mwenyewe kwenye orodha ya VA.

Wakili anaingia baada ya uamuzi wa kwanza. Kwa kawaida anachukua asilimia 20 ya malimbikizo.

Ukikataliwa una mwaka mmoja kulinda tarehe yako. Una ushahidi mpya: Fomu 20-0995. Huna mpya ila unaona walikosea kusoma uliopo: 20-0996, anapitia ofisa wa juu, na huruhusiwi kuongeza karatasi. Unataka jaji: 10182 kwenda Bodi ya Rufaa za Maveterani, na hapo ukiomba kusikilizwa ana kwa ana ujue foleni ni ndefu zaidi. Kosa la kila siku ni kuchagua 20-0996 huku barua ya daktari imebaki mfukoni.

#15 Mwalimu wa Ziwa

Uraia je? Kuna vijana wanaamini ukila kiapo cha jeshi umeshakuwa Mmarekani.

#16 Kisimani

Hapana, na imani hiyo imewafukuzisha watu nchini. Jeshi linakurahisishia njia, haliombi kwa niaba yako. Unajaza fomu ya kuomba uraia, N-400, ambayo kwa mwanajeshi haina ada, na kikosi kinathibitisha utumishi wako kwa Fomu N-426. Ifuatilie ukiwa bado kambini. Anayeahirisha, akatoka na green card tu, kisha akapatwa na kesi ya jinai, anaweza kurudishwa kwao akiwa na medali zake. Na aliyepewa uraia kwa utumishi wa kipindi cha vita anaweza kunyang'anywa akiachishwa kwa sifa mbaya kabla ya kutimiza miaka mitano.

Sifa ya kuachishwa ndiyo funguo. Mpango wa GI Bill, unaowalipia maveterani masomo, unataka iwe ya heshima kamili. Hata ile ya "jumla" haitoshi. Ukiona umeonewa, hasa pale PTSD, yaani msongo wa akili baada ya kiwewe, ilipogeuzwa utovu wa nidhamu, peleka Fomu DD 293 kwa bodi ya mapitio ndani ya miaka 15. Ikipita hapo, Fomu DD 149.

#17 Ssalongo K

Wapendwa, mmewasahau walinzi. Vijana wengi wa Uganda, na Wakenya pia, walilinda kambi za Marekani Iraq kupitia makampuni. Hao si maveterani, VA haiwajui. Lakini wana sheria yao, Defense Base Act ya 1941, na haiangalii uraia. Kampuni inalazimika kuwa na bima.

Ukiumia, mwajiri apewe taarifa kwa maandishi ndani ya siku 30, Fomu LS-201. Dai LS-203 liende Wizara ya Kazi ya Marekani ndani ya mwaka mmoja. Ugonjwa unaojitokeza baadaye una miaka miwili tangu ujue kwamba umetokana na kazi. Usiyeweza kabisa kufanya kazi unalipwa theluthi mbili ya wastani wa mshahara wa wiki. Aliyekuwa akilipwa dola 600 kwa mwezi, wiki yake ni 138.46, fidia ni 92.31 kila wiki, na matibabu juu yake. Msongo wa vita nao ni jeraha kwa sheria hii.

Panapoharibika: kampuni inamrudisha mtu nyumbani na kumwambia mkataba umeisha, bila kumtajia bima. Mtegemezi wa marehemu anapewa bahasha asaini, na ndani imeandikwa amemaliza madai yote. Usisaini; suluhu yoyote lazima ipitishwe na Wizara hiyo. Jueni pia kwamba kwa raia wa nje, sheria inaruhusu fidia ya baadaye ilipwe kwa mkupuo kwa nusu ya thamani yake. Dhuluma ya wazi kwa maoni yangu, lakini imo. Na wakili akitaka asilimia kutoka kwako, mkatalie, ada yake inaidhinishwa na Wizara au jaji.

Mlinda Hoja, kwenye makadirio yako ya miaka 40 waandike na hawa. Vita vinavyopiganwa kwa walinzi wa kukodi vinaonekana rahisi kwa sababu wafu wake hawasomwi bungeni.

#18 Mlinda Hoja

Umenena, Ssalongo. Naliongeza kama jambo la tano.

#19 Chonjo255

Swali la mwisho kutoka kwangu: veterani akiamua kurudi kuishi Arusha au Nakuru, fidia inakatwa?

#20 Nasra wa Makaratasi

Haikatwi, inabaki kiwango kilekile. Matibabu ndiyo yanabadilika. Nje ya Marekani VA ina kliniki moja tu, Manila. Kwingine kote unatumia Foreign Medical Program: jiandikishe kwa Fomu 10-7959f-1 kabla hujaumwa. Inalipia ugonjwa uliotambuliwa kuwa wa utumishi tu, malaria yako ni juu yako. Mara nyingi unalipa kwanza hospitali, kisha unatuma 10-7959f-2 na ankara ndani ya miaka miwili. Ankara iwe na jina lako, jina la ugonjwa, tarehe, kila huduma na bei yake, jina na anwani ya daktari. Risiti iliyoandikwa "matibabu" na jumla chini yake hurudi. Dawa iwe imeidhinishwa Marekani. Dawa za mitishamba hawazirudishii fedha.

Badilisha anwani kabla ya kupanda ndege. Barua ya kuitwa uchunguzini ikienda nyumba ya zamani ya Dallas, hutatokea, na VA itapendekeza kupunguza asilimia. Una siku 60 za kuleta ushahidi na 30 za kuomba kusikilizwa, zinazohesabiwa tangu tarehe ya barua, na siku hizo hazikusubiri hadi mpangaji mpya akupigie simu.